Jembe Lina Jicho, Mashine Haina

Mkulima anayepanda soya kwa jembe huko Gitega, Burundi, huiona kila mbegu. Anafukua kishimo, anadondosha mbegu mbili, anaona zilivyolala, anafukia kwa wayo, anasogea. Kazi hiyo inaumiza kiuno, lakini ukaguzi umo ndani yake: kishimo kikizidi kina mkono unahisi, mbegu ikiangukia pembeni jicho linaona, udongo ukiwa mkavu kidole kinajua. Mashine ya kupandia huja na ahadi ya kupumzisha kiuno, na ahadi hiyo ni ya kweli. Ila inapomwondolea mkulima kuinama, inamwondolea na kuona. Mbegu hutoka kwenye sanduku, hupita gizani, huangukia kwenye mfereji unaofunikwa papo hapo, na anayeisukuma mashine hajui kilichotokea mpaka wiki moja au zaidi ipite, soya ianze kuchomoza au ikatae. Kufikia hapo mvua za mwanzo zimekwenda, mbegu imekwisha, na kosa la asubuhi moja limekuwa kosa la msimu mzima.

Kwa hiyo anayetaka kununua au kukodi mashine ya kupandia soya, Gitega au Muyinga, asianze kwa kuuliza ipi ni bora. Aanze kwa kuuliza nani ataiendesha, kwa mwendo gani, na nani atakuwa macho yake. Mashine hurudia inachofundishwa. Ikifundishwa vizuri hurudia uzuri mara elfu ishirini, na ikifundishwa vibaya hurudia ubaya mara elfu ishirini bila kuchoka. Hesabu hiyo si ya kutia chumvi. Ari kumi za shamba, zikipandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 50, zina mita 2,000 za mstari. Mashimo yakiachana sentimita 10, ni mashimo 20,000, na kwa mbegu mbili kila shimo ni mbegu 40,000. Hakuna mkulima atakayefukua tena mashimo hayo yote kuyakagua. Ukaguzi lazima uwemo katika uendeshaji wenyewe.

Mazingira yenyewe hayamsamehe mzembe. Kaya nyingi za vijijini Burundi hulima eneo lisilofika hekta moja, mara nyingi karibu nusu hekta au pungufu, nalo limegawanyika vipande vipande juu ya kilima. Gitega, katika eneo la Kirimiro, ni nchi ya vilima vilivyobanana. Muyinga, ambayo tangu mwaka 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, ina miteremko mipana zaidi na upande wa kaskazini inapakana na Bugesera, ambako mvua husitasita. Matrekta makubwa yenye mashine za mistari sita au minane hayana pa kugeukia hapa. Mashine zinazoweza kufaa ni ndogo: ile ya mkono ya kudunga ardhini, ile ya kusukuma ya mstari mmoja yenye gurudumu la midomo kama ya bata, na kwa ushirika wenye uwezo, pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, iliyofungwa kifaa cha kupanda mistari miwili. Na kwa kuwa Burundi imesumbuliwa na uhaba wa mafuta miaka ya karibuni, zile za kusukuma zina faida ambayo karatasi za matangazo hazisemi: siku mvua inaponyesha, hazisubiri foleni ya kituo cha mafuta.

Ili tujue uendeshaji unaharibu nini, tuanze na mbegu yenyewe. Soya si mahindi. Punje ya mahindi huchomoza kwa kutuma ncha nyembamba kama sindano, na punje yenyewe hubaki chini. Soya hutoka na mzigo kichwani: shina changa hujikunja kama kiwiko, hupenya udongo kwa mgongo, kisha huvuta nusu zote mbili za mbegu hadi juani. Kiwiko hicho kikikutana na gamba gumu la udongo, au kikilazimika kupanda kutoka kina kirefu mno, huvunjika, na mche uliovunjika shingo hauna pa kuchipulia tena. Isitoshe, mbegu ya soya hunywa maji karibu nusu ya uzito wake kabla ya kuota, ilhali mahindi hutosheka na kama theluthi moja. Kwa hiyo inahitaji kulala kwenye unyevu na kugusana na udongo pande zote. Ngozi yake ni nyembamba, na mzizi mchanga umelala chini tu ya ngozi hiyo. Pigo dogo ambalo hindi halilihisi laweza kuivunja soya moyo bila kuacha alama inayoonekana kwa mbali. Kiumbe dhaifu namna hiyo ndicho tunachokikabidhi kwenye sahani ya chuma au plastiki inayozunguka, chenye kina kinachokifaa cha sentimita 3 hadi 5 tu.

Sahani ndiyo kituo cha kwanza cha uendeshaji, na kazi yake huanza nyumbani, kabla ya mvua. Mbegu za soya hutofautiana ukubwa aina kwa aina, hata mfuko kwa mfuko, na tundu la sahani au kijiko cha gurudumu lazima vilingane na mbegu uliyonayo mwaka huu, siyo ya mwaka jana. Tundu likiwa dogo, mbegu hukwama nusu ndani nusu nje na brashi inayofagia mbegu za ziada huikata. Likiwa kubwa, hubeba tatu tatu na mfuko unaisha kabla ya shamba. Chagua sahani kwa majaribio. Inua gurudumu, lizungushe kwa mwendo wa kawaida mpaka upate mbegu mia moja, kisha zitandaze juu ya kitambaa cheusi. Zilizopasuka zihesabu. Halafu chukua mia nyingine zilizopita kwenye mashine na mia zisizopita, zitie katika bakuli mbili za maji kwa dakika tano hadi kumi. Zenye ngozi iliyopasuka zitavimba na kukunjamana upesi kuliko nyingine. Bakuli la mashine likiwa na zilizovimba nyingi zaidi, tofauti hiyo ni kazi ya mashine, na dawa yake ni kubadilisha sahani, kulegeza brashi, au kupunguza mwendo. Mbegu za bakulini usizipande, kwa sababu soya iliyoloweshwa huharibika upesi ikibanwa na kugongwa.

Pamoja na jaribio hilo lifanyike jaribio la kuota. Soya ina mafuta karibu asilimia 20, na mbegu yenye mafuta haitunziki kirahisi. Ikikaa ghalani penye joto na unyevu hupoteza nguvu ya kuota mapema kuliko mahindi. Funga mbegu mia katika kitambaa chenye unyevu, subiri kama wiki moja, hesabu zilizoota vizuri. Zikiota 80, basi ili upate miche 40,000 kwenye ari kumi unahitaji kutupa mbegu 50,000, na badala ya mashimo kuachana sentimita 10 yaachane 8. Kwa mbegu ambazo mia moja zina uzito wa gramu 15, hiyo ni kilo 7.5 mahali pa kilo 6. Mpandaji wa jembe hufanya marekebisho haya kwa mazoea: akiona mbegu ni ya kutia shaka huongeza moja kila shimo. Mashine haina shaka. Usipoibadilishia mpangilio itapanda mbegu dhaifu kwa nafasi ya mbegu kamili. Wenye uwezo wa kupata mbegu iliyothibitishwa na ONCCS, ofisi ya taifa ya ukaguzi wa mbegu, wanajiondolea sehemu ya mashaka, lakini hata hiyo ipimwe, kwa kuwa cheti hakijui mfuko ulikaa wapi baada ya kutoka ghalani.

Sasa tufike kwenye mwendo, ambako nadhani hasara nyingi zinaanzia. Wengi wanaopewa mashine hizi hujifunza kwa mahindi, kisha huingia kwenye soya kwa miguu ileile. Tupige hesabu. Mahindi yakipandwa punje moja kila sentimita 25, ni punje nne kwa mita. Mtu anayetembea kilomita 3 kwa saa hupita sentimita 83 kila sekunde, kwa hiyo mashine inatoa punje tatu na kitu kwa sekunde. Soya inahitaji mbegu 20 kwa mita. Kwa mwendo uleule mashine inatakiwa kutoa karibu 17 kila sekunde. Ukiharakisha hadi kilomita 6 kwa saa, ni 33. Sahani yenye matundu mengi hupunguza mzigo huo, lakini haiuondoi: kila tundu lina muda mfupi wa kukaa chini ya rundo la mbegu, nalo likipita upesi hupita tupu. Juu ya hilo, mbegu inapotoka kwenye mashine hutoka na mwendo wa mashine. Mwendo ukiwa mdogo hudondoka na kutulia. Ukiwa mkubwa hugonga sakafu ya mfereji, huruka, na kubingirika mpaka ikutane na mwenzake. Ndipo unapoona mistari yenye vichaka vya miche mitano kisha mapengo ya nusu mita, ilhali idadi ya mbegu iliyotoka sandukuni ilikuwa sawa kabisa.

Kipimo cha mwendo hakihitaji chombo kigeni. Pima mita 50 shambani, chomeka vijiti viwili, tumia saa ya simu. Ukizipita kwa sekunde 60 unakwenda kilomita 3 kwa saa. Kwa sekunde 45 ni kilomita 4. Kwa sekunde 36 ni kilomita 5. Kwa mashine ya kusukuma na soya ya mbegu 20 kwa mita, ushauri wangu ni kutoshuka chini ya sekunde 45. Mwenye pawatila atumie gia ya chini na asikubali kuivuka kilomita 4 mpaka ahesabu mbegu za mita mbili alizofukua kwenye mwendo wa juu na kuridhika nazo. Ikiwa hesabu yako inaruhusu mwendo mkubwa zaidi, nenda nao. Mwamuzi ni mstari uliofukuliwa, wala si nambari yangu.

Hapo mwendeshaji atasema: mimi nalipwa kwa ari, nikitembea polepole nitakula nini? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la hesabu, siyo mahubiri. Mita 2,000 za ari kumi huchukua dakika 40 kwa kilomita 3 kwa saa, na dakika 20 kwa kilomita 6. Tofauti ni dakika 20. Chukua sasa shamba hilohilo lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 20. Ukipanda kwa kufuata upana utakuwa na mistari 100 ya mita 20, yaani kugeuka karibu mara 100. Kila kugeuka kukichukua nusu dakika, ni dakika 50 za kugeuka tu. Ukifuata urefu, ni mistari 40 na kugeuka mara 40, dakika 20. Umeokoa dakika 30 bila kuongeza hatua hata moja ya mwendo. Na kwa kuwa makosa hurundikana mwisho wa mstari, pale mashine inapoinuliwa na kushushwa, umepunguza pia idadi ya sehemu za kukosea. Mwendeshaji mwerevu hutafuta muda kwenye mipinduko, kwenye mbegu iliyopimwa na kuwekwa tayari pembeni, kwenye mistari iliyokwisha kuwekewa kamba, naye huuacha mwendo wa mstarini utulie.

Upande mrefu wa kipande cha shamba kilimani mara nyingi ndio unaokingama na mteremko, kwa sababu mitaro ya kuzuia mmomonyoko iliyopandwa majani ya mifugo imekwisha kukigawa kilima hivyo. Basi ushauri wa muda na ushauri wa udongo hukutana mahali pamoja: panda kwa kufuata mitaro hiyo, usipande kwa kushuka na kupanda kilima. Mashine ikishuka hukimbia, ikipanda gurudumu huteleza. Na gurudumu hilo ndilo linalozungusha sahani. Likizunguka mara tisa mahali lilipopaswa kuzunguka mara kumi, mashimo yaliyokusudiwa kuachana sentimita 10 huachana 11, na ari kumi hupoteza mashimo karibu 2,000 bila mtu kusikia lolote. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hulivisha gurudumu kiatu cha tope, mzingo wake unaongezeka, na nafasi zinaongezeka nao. Kwa hiyo kijiti cha kukwangulia tope ni kifaa cha lazima kama mbegu yenyewe. Hata unapokwenda kwa kufuata kontua, mashine huinama kuelekea bondeni na mbegu hukimbilia upande mmoja wa sanduku. Usiache sanduku lishuke chini ya theluthi, na mwili wako uwe upande wa juu ukiishikilia isimame wima.

Urekebishaji wa kina ndipo Gitega na Muyinga zinapoachana. Mashamba ya Kirimiro yaliyochoka, yasiyo na mboji, hupigwa na mvua nzito na kufanya gamba juu. Huko soya ilale sentimita 3, na gurudumu la kubana lipunguziwe uzito, ligandamize pembeni mwa mstari zaidi kuliko juu yake, ili kiwiko cha mche kipate njia. Huko Muyinga, kuelekea Giteranyi na upande wa Bugesera, hatari ni nyingine: sentimita 2 za juu hukauka ndani ya siku chache za jua. Huko mbegu ishuke hadi sentimita 4 au 5, ibanwe barabara, kwa sababu mfereji uliobaki wazi ni dirisha la upepo. Mtu mmoja akikodishwa mashine pande zote mbili na kuiacha na mpangilio mmoja, ataharibu upande mmoja. Na kwenye udongo uliolowa mno, panapo mfinyanzi, kisu cha kufungulia mfereji huzilainisha kuta zake kama chungu kilichosuguliwa. Jua likiwaka mfereji hupasuka na kuianika mbegu. Chukua udongo wa kina cha mbegu, uufinye kiganjani, uuangushe. Ukidondoka ukatawanyika, ingia kazini. Ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani usubiri kesho.

Mbolea na chanjo ya bakteria nazo zina sheria zake ndani ya mashine. Soya hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na shamba lisilowahi kupandwa soya mara nyingi halina bakteria wanaofaa wa kutosha. Chanjo hupakwa kwenye mbegu kivulini siku ileile ya kupanda, maana jua huwaua. Lakini mbegu iliyopakwa hunata: haitiririki, hujaza matundu nusu, huziba mrija. Iache ikauke kivulini hadi isishikamane, weka kidogo kidogo sandukuni, na rudia kuhesabu mbegu kwa mita, kwa kuwa hesabu ya mbegu kavu haifai tena. Mbolea ya kupandia, ikiwemo ile ya kiwanda cha FOMI iitwayo Imbura, isilale pamoja na mbegu. Chumvi ya mbolea huichoma soya changa na kuwadhuru bakteria uliowapaka. Mashine yenye sanduku la mbolea irekebishwe idondoshe sentimita 5 kando ya mbegu na chini yake. Isiyo na uwezo huo, mbolea itangulie kwa mkono na kufukiwa, kisha mashine ipite na mbegu peke yake.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya uangalifu huu hutoka kwa wanaoijua soya vizuri. Watasema: soya ina huruma, ikiachiwa nafasi hutoa matawi, na mavuno hayabadiliki sana hata miche ikipungua. Ni kweli, na wataalamu wa zao hili duniani wanakubaliana nalo. Lakini huruma hiyo ina masharti. Soya hufidia mche uliokosekana akiwapo jirani wa kuufidia. Haifidii ukanda wa nusu mita au mita nzima, ambao magugu hufika kabla ya matawi. Hufidia ikiwa na muda, rutuba na maji. Kwenye udongo wenye tindikali, wenye fosforasi kidogo, au msimu wa mvua fupi, matawi hayo hayaji. Wala haifidii tofauti ya siku. Mche uliopandwa sentimita 7 ukachomoza siku nne baada ya mwenzake hukulia kivulini mwake, hula mbolea kama wengine, huzaa maganda machache. Upungufu wa idadi waweza kusamehewa, na hilo ni sababu ya kutotupa mbegu nyingi kupita kiasi; kutolingana hakusamehewi, na kutolingana ndiko uendeshaji mbaya huzalisha.

Wengine watasema mashamba yetu ni madogo, jembe linatosha. Kwa mwenye ari mbili za soya kandokando ya migomba, nakubaliana naye bila ubishi. Gharama ya mashine haitarudi. Kwa mwenye ari kumi na kuendelea, kuna sababu mbili za kufikiri tena. Ya kwanza ni kiuno, ambacho mara nyingi ni cha mama wa kaya. Ya pili ni muda: mvua za msimu wa Agatasi zikianza Septemba, au za msimu wa Impeshi kuanzia Februari, kazi zote za shamba huja kwa mkupuo, na soya husukumwa nyuma ya mahindi na maharage. Mashine inayopanda kwa asubuhi moja kile ambacho mikono ingekipanda kwa siku kadhaa huirudisha soya kwenye unyevu wake. Faida hiyo ni kubwa, lakini hupatikana tu ikiwa kilichopandwa asubuhi hiyo kimepandwa sawasawa. Udogo wa shamba, badala ya kuwa sababu ya kulegeza uangalifu, unauongeza: mwenye hekta mia akipoteza mistari kumi hajui, mwenye ari kumi akipoteza mistari kumi amepoteza robo ya shamba lake lile la mistari 40.

Pingamizi jingine ni la mfuko: tutafute mashine ya kisasa zaidi, makosa yataisha yenyewe. Uzoefu wa jirani unatufundisha tahadhari. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa FACASI, ulioongozwa na kituo cha utafiti cha CIMMYT kwa fedha za shirika la ACIAR la Australia, uliingiza pawatila na mashine ndogo za kupandia kwa wakulima wa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zimbabwe, na wazo lake kuu halikuwa kila mkulima kumiliki chombo. Lilikuwa kumpata mtoa huduma mmoja anayeijua mashine, anayezunguka kwa majirani na kulipwa. Mantiki yake inatufaa. Mtu anayepanda mashamba thelathini kwa msimu hujifunza sauti ya sahani tupu, uzito wa gurudumu lililovaa tope, na harufu ya udongo ulio tayari. Anayepanda shamba lake moja kwa mwaka hujifunza upya kila mwaka. Ushirika wa kilimani, ukiwemo ule wa mpango wa serikali wa Sangwe, wenye fedha za chombo kimoja ungefanya busara kununua mashine ya bei ya chini na kutumia zilizobaki kwenye sahani za akiba, vipuri, na mafunzo ya waendeshaji wawili, kuliko kumaliza zote kwenye chuma kinachong'aa.

Basi mkataba na mtoa huduma huyo uandikwe kwa namna inayompa sababu ya kujali. Malipo ya kwa ari yanamlipa kukimbia. Yagaweni: sehemu kubwa siku ya kupanda, maana naye ana tumbo, na sehemu iliyobaki siku ya kumi na nne, baada ya kuhesabu miche. Kuhesabu ni rahisi, kwa kuwa mita mbili za mstari kwenye nafasi ya sentimita 50 ni sawa na mita moja ya mraba. Tupeni kamba ya mita mbili mahali kumi bila kuchagua, hesabuni. Wastani ukikaribia miche 40 na mapengo ya zaidi ya sentimita 30 yakawa machache, alipwe halali yake. Wastani usipofika, fukueni kabla ya kulaumu: mbegu iliyooza ni ya ghala au ya mvua, iliyopasuka ni ya sahani, iliyo kina kirefu ni ya mpangilio, na mahali pasipo mbegu kabisa ni pa mwendo au pa gurudumu lililoteleza. Mwendeshaji asibebeshwe dhambi ya mvua, wala mvua isibebeshwe dhambi yake. Mapengo yenyewe yazibwe kwa jembe siku hiyohiyo, kwa mbegu iliyobakizwa kwa kazi hiyo.

Lakini siku ya kumi na nne ni mbali, na dawa iliyo karibu zaidi ni watu wawili. Mmoja asukume, wa pili amfuate nyuma na kisu na kijiti chenye alama za sentimita 3 na 5. Baada ya mita 20 za kwanza wasimame, wafukue mita mbili, wahesabu mbegu 40, wapime kina mahali kumi. Warudie kila baada ya mistari mitano, na kila udongo unapobadilika rangi au mteremko unapozidi. Huyo wa pili asiwe kijana aliyekosa kazi nyingine. Mashine zinapoingia kijijini, mara nyingi hushikwa na vijana wa kiume, na mama aliyepanda soya kwa jembe miaka kumi, anayejua kwa kidole kimoja mbegu inapaswa kulala wapi, husukumwa kando kama mtazamaji. Mpeni yeye kile kijiti, na mpeni mamlaka ya kusema simama, mashine isimame. Kiuno chake kimepumzika. Jicho lake bado linahitajika, na kwenye kilima hicho huenda hakuna kifaa kingine cha kupima kilichozoezwa kwa muda mrefu kama hilo.